Gazeti likifunga mlango, wasomaji huenda wapi?

Leo naweka kando kodi (zile za programu, si zile za KRA) niwasimulie historia. Ni historia ya vichekesho vya magazetini, lakini ndani yake kuna seva, orodha za anwani na kamisheni za malipo, kwa hivyo sijatoka sana nje ya uwanja wangu. Chukueni chai.

Swali lenyewe ni hili. Mwandishi wa safu ya ucheshi akiondoka gazetini, au gazeti likimwondoa, wale wasomaji wake ni wa nani? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa wazi: ni wa gazeti. Gazeti ndilo lenye mtambo wa kuchapa, lenye magari ya kusambaza alfajiri, lenye yule kijana anayekugongea dirisha la gari foleni ikisimama. Mwandishi ana jina na picha ndogo juu ya safu, basi. Lakini Januari 2023 kikundi cha wasomaji wa Washington kilitoa jibu tofauti, na ili tuelewe walifikaje hapo inabidi turudi nyuma, hadi Miami.

Mwaka 1983 gazeti la Miami Herald lilikuwa na jarida la Jumapili lililoitwa Tropic. Mhariri wake mmoja, Gene Weingarten, alimwajiri jamaa aliyeitwa Dave Barry. Barry alikuwa ametoka katika kazi ya kuwafundisha watu wa maofisini kuandika barua zinazoeleweka, kazi ambayo nadhani ingemfanya mtu yeyote awe mcheshi au mlevi. Aliandika kuhusu vitu vya kipuuzi kabisa kwa sauti ya mtu aliye makini kabisa. Mwaka 1988 akapewa tuzo ya Pulitzer ya uandishi wa maoni, na safu yake ikawa inachapishwa katika magazeti zaidi ya 500.

Hayo magazeti 500 yanahitaji maelezo, maana hapa kwetu mfumo huo hatukuwa nao. Marekani kila mji ulikuwa na gazeti lake, na kulikuwa na makampuni ya kati ambayo kazi yao ilikuwa kuchukua makala moja na kuyauzia magazeti mengi, kila moja likilipa kidogo kulingana na idadi ya nakala linazouza. Msomaji wa Ohio alimsoma Barry ndani ya gazeti la mji wake na kumhesabu kuwa mtu wa nyumbani. Kwa hivyo Barry alikuwa na mamilioni ya wasomaji, lakini hakuwa na anwani ya hata mmoja. Anwani zilikaa kwenye makabati ya idara za mauzo za magazeti 500.

Na wasomaji hao hawakuwa watu wa kusoma na kunyamaza. Septemba 2002 Barry aliandika kuhusu marafiki wawili wa Oregon waliokuwa wamejitungia sikukuu ya kuongea kama maharamia wa baharini, na ile siku ikasambaa duniani kote. Agosti 2003, makampuni ya kuuza bidhaa kwa kuwapigia watu simu majumbani yalipokuwa mahakamani yakipinga orodha ya serikali ya watu wasiotaka kupigiwa, Barry alichapisha namba ya simu ya chama chao, American Teleservices Association. Wasomaji wakapiga. Wakapiga tena. Chama kikalazimika kuacha kupokea simu zake chenyewe. Sisi watu wa seva tunalo jina la shambulio la namna hiyo, ila hili lilifanywa na wazee wanaokunywa kahawa na gazeti mkononi.

Sasa ebu tuzungumze kuhusu pesa.

Wazo la mwandishi kuwafuata wasomaji wake halikuzaliwa na intaneti. Novemba 1952 gazeti la New York lililoitwa Daily Compass lilifungwa, na mwandishi wake I.F. Stone akabaki bila kazi katika miaka ambayo hakuna gazeti kubwa lingemwajiri mtu wa siasa zake. Stone alipata orodha za watu waliokuwa wamejiandikisha katika magazeti yaliyokufa aliyowahi kuyaandikia, akawaandikia barua. Januari 1953 alianza jarida lake mwenyewe, I.F. Stone's Weekly, akiwa na wasomaji 5,300 waliolipa dola 5 kwa mwaka. Alipolifunga mwaka 1971 walikuwa karibu 70,000. Stone hakuwa mcheshi (ingawa alikuwa na ulimi), lakini namleta hapa kwa sababu moja: mtaji wake wa kwanza haukuwa mtambo wala ofisi. Ulikuwa orodha ya majina na anwani. Mkewe alishughulikia usajili, posta ikafanya kazi ya seva.

Miaka 36 baadaye mtu wa kompyuta akajaribu. Brad Templeton, Mkanada, alikuwa tangu 1987 akiendesha rec.humor.funny, kikundi cha vichekesho katika Usenet. Kwa vijana wasioijua, Usenet ilikuwepo kabla ya wavuti: mashine ya chuo kimoja inaipigia simu mashine ya chuo kingine usiku, zinabadilishana ujumbe, asubuhi watu wanasoma. Mwaka 1989 Templeton alianzisha ClariNet, kampuni ya kuuza habari kwa kupitia programu zilezile za Usenet. Vyuo na makampuni vililipa ada, na kwa ada hiyo walipokea habari za shirika la UPI kwenye vikundi vyenye majina yaliyoanza na clari. Kimojawapo kiliitwa clari.feature.dave_barry.

Hebu simameni hapo kidogo. Safu ya mcheshi wa gazeti, inayolipiwa, inayokufikia kwenye skrini yako, miaka mingi kabla ya Substack kuwaza kuzaliwa. Mimi huwa nashangaa kwamba kisa hiki hakisimuliwi sana.

Kilichoiua ni mapenzi. Mtu akisoma kitu kikamchekesha, jambo la kwanza analotaka ni kumpa mwenzake, na katika Usenet na barua pepe kumpa mwenzako ni kubonyeza kitufe. Makala ya Barry yakawa yanatoka ndani ya ClariNet na kuenda kwa watu ambao hawakulipa, na katikati ya miaka ya tisini wenye haki za usambazaji wakaiondoa safu kutoka kwa ClariNet. Kwa hesabu yao, kila mtu aliyesambaziwa bure alikuwa msomaji aliyeibwa kutoka kwa gazeti fulani la mji fulani. Kwa hesabu yangu, walikuwa wameonyeshwa bila malipo mahali wasomaji waaminifu walipo, wakachagua kuwazimia taa.

Lakini nisiwalaumu sana, kwa sababu kulikuwa na tatizo la kiufundi. Kutuma kulikuwa rahisi tayari: LISTSERV ilikuwepo tangu 1986, Majordomo tangu 1992, na mtu mmoja angeweza kuwatumia watu elfu kumi barua moja kutoka mashine iliyo chini ya meza. Kulipwa ndiko kulikuwa tabu. Yule msomaji aliyesambaziwa makala ya Barry hakuwa na njia ya kutoa dola 1 kutoka mfukoni mwake na kuifikisha kwa Barry. ClariNet iliviuzia vyuo na makampuni kwa sababu hao ndio wangeweza kuandika hundi. Msomaji mwenyewe hakuwemo katika mkataba. Alikuwa mtu wa kusoma tu, na akikamatwa akisambaza, mwizi.

Barry aliacha safu yake ya kila wiki mwanzoni mwa 2005. Mwaka uliofuata McClatchy ikainunua kampuni iliyomiliki Miami Herald, na Februari 2020 McClatchy yenyewe ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Matangazo madogomadogo, ya nyumba za kupanga na magari yaliyotumika, yalikuwa yamehamia kwenye tovuti za bure, na pamoja nayo zikahama pesa zilizokuwa zikilipia kila kitu, vichekesho vikiwemo.

Turudi kwa Weingarten. Mwaka 1990 alikuwa amehamia Washington Post, na Machi 1993 akaanzisha humo shindano la kila wiki katika sehemu ya Jumapili iitwayo Style. Akaliita The Style Invitational na yeye mwenyewe akajiita Czar, bila kutaja jina lake. Kila wiki Czar alitoa kibarua cha kuchekesha, wasomaji wakatuma majibu, yaliyo bora yakachapishwa.

Kibarua kimojawapo huenda mnakijua bila kujua kwamba mnakijua. Chukua neno, ongeza, toa au badilisha herufi moja tu, kisha toa maana mpya. Majibu ya wasomaji wa Post yalisambaa kwa barua pepe dunia nzima kuanzia mwishoni mwa miaka ya tisini, kwa kawaida yakidaiwa kutoka kwa chama cha watu wenye akili nyingi, Mensa, ambacho hakikuhusika hata kidogo. Mimi nilitumiwa nikiwa kwenye saiba moja pale barabara ya Moi, shilingi moja kwa dakika, na nusu ya dakika zangu zikaisha nikisubiri ukurasa ufunguke. Kwa Kiswahili mchezo huu unakubali vizuri. Mhariri, ukibadilisha herufi moja, unapata mharibi: mtu anayekata utani wako kabla haujachapishwa. Kura ukibadilisha herufi moja unapata kula, na hapo sina haja ya kutoa maana, Wakenya wenzangu mnajua.

Desemba 2003 Czar alijiuzulu ufalme na nafasi yake ikachukuliwa na Pat Myers, aliyejiita Empress. Weingarten akaendelea na safu yake ya ucheshi, Below the Beltway, na pia akaandika makala marefu yaliyompa Pulitzer mbili, 2008 na 2010. (Ile ya 2008 ni kuhusu mpiga fidla mashuhuri aliyecheza kwenye kituo cha treni asubuhi huku karibu kila mtu akimpita. Itafuteni.)

Wakati huo shindano lilikuwa limezaa kitu ambacho Post haikukipanga. Washiriki walijiita Loser, yaani washinde, na walijivunia jina hilo. Zawadi zilikuwa takataka za makusudi: sumaku ya kubandika kwenye friji, kikombe, fulana, na kwa mtu aliyechapishwa kwa mara ya kwanza, kile kiti cha karatasi chenye umbo la mti kinachoning'inizwa ndani ya gari kitoe harufu nzuri, kumaanisha kwamba sasa umeanza kunuka. Washinde walikutana kula pamoja. Walifanya sherehe yao ya kila mwaka. Na hapa ndipo moyo wangu wa msanidi programu unaposhtuka: walitunza kumbukumbu zao wenyewe. Waliorodhesha mashindano yote tangu wiki ya kwanza na kuhesabu ni mara ngapi kila mtu amechapishwa. Post haikuwa na hifadhidata hiyo. Wasomaji ndio waliokuwa nayo, waliijenga kwa mkono, bure, kwa miaka.

Basi ikafika 2021. Agosti ya mwaka huo Weingarten aliandika safu kuhusu vyakula asivyovipenda, akadai kwamba chakula cha Kihindi kimejengwa juu ya kiungo kimoja. Mtu yeyote aliyewahi kula Parklands angemwambia kwamba huo si uongo mdogo. Hasira zikawaka, Post ikachapisha masahihisho, naye akaomba radhi. Safu ikafika mwisho wake muda mfupi tu baada ya hapo. Maoni yangu ni kwamba kosa la ule utani lilikuwa la kazi: mcheshi anaruhusiwa kujifanya mjinga, lakini sharti ajue jambo analojifanya halijui. Hata hivyo, mtu aliyekuwa gazetini tangu 1990 sasa alikuwa nje.

Desemba 2022 zamu ya shindano ikafika. Post ilikuwa inapunguza gharama. Mwezi huohuo ililifunga jarida lake la Jumapili, na Style Invitational ikakatwa baada ya zaidi ya wiki 1,500. Fikirieni hali ya mhasibu. Safu moja, msimamizi mmoja, zawadi za sumaku. Kwenye karatasi yake hakukuwa na mstari unaosema kwamba kuna watu ambao kwa karibu miaka 30 wameamka wakiwaza jibu la kuchekesha kwa ajili ya gazeti hili.

Januari 2023 Weingarten na Myers walikuwa kwenye Substack na kijarida cha barua pepe kilichoitwa The Gene Pool. Shindano likarudi humo kwa jina The Invitational. Neno Style likaachwa kwa wenyewe, kwa kuwa lilikuwa jina la sehemu ya gazeti. Na washinde wakaja. Ukisoma orodha za wanaochapishwa unakuta majina yaleyale ya zama za Post, pamoja na wageni. Mwezi mmoja hivi ulitosha kuhamisha kitu kilichochukua miaka 30 kujengwa, na iliwezekana kwa sababu sehemu kubwa ya kitu hicho haikuwa ndani ya jengo la Post hata kidogo.

Barry naye, miaka ishirini baada ya kuacha safu, ameingia Substack. Mhariri wa Tropic na mcheshi aliyemwajiri wameishia kwenye jukwaa moja, kila mtu na orodha yake mwenyewe ya anwani mfukoni.

Hapa naomba niseme kitu kama mtu wa kazi hii. Substack ilianzishwa 2017 na Chris Best, Hamish McKenzie na Jairaj Sethi, na kiufundi haikuleta maajabu. Barua pepe ilikuwepo. Stripe, kampuni inayopokea malipo ya kadi, ilikuwa imefunguliwa tangu 2011. Ben Thompson alikuwa tayari anauza kijarida chake, Stratechery, tangu 2014 kwa kuunganisha programu hizo mwenyewe. Substack iliunganisha vipande na kuwapa watu wasiojua kuunganisha. Kila msanidi programu akikiona kitu kama hicho husema angekiandika wikendi moja, na kuandika ni kweli, wikendi inatosha. Kazi iko kwenye kuhakikisha barua haiishii kwenye kapu la taka. Niliwahi kulitengenezea jarida moja la hapa Nairobi mfumo wa namna hii, na kwa kila saa moja ya kuandika programu nilitumia saa nne kuzishawishi seva za watu wengine kwamba sisi si matapeli. Jambo nililojifunza kwenye kumbukumbu za seva ni kwamba kuna watu wanaofungua barua ndani ya dakika tano za kwanza, na wiki ijayo ni walewale, na ijayo tena walewale. Hao hawaonekani ukihesabu nakala za gazeti zilizouzwa.

Sasa hesabu. Msomaji akilipa dola 5 kwa mwezi, Substack inachukua asilimia 10, yaani senti 50. Stripe inachukua asilimia 2.9 na senti 30 juu, jumla kama senti 45. Mwandishi anabaki na takriban dola 4. Wasomaji 1,000 ni dola 4,000 kwa mwezi, ambazo kwa Washington si utajiri lakini ni mshahara. Mwaka 2008 Kevin Kelly aliandika makala maarufu akisema kwamba msanii anahitaji mashabiki wa kweli 1,000 tu ili aishi. Watu wengi walimcheka. Alikuwa sahihi kwenye hesabu. Kilichokosekana wakati huo ni mtambo wa kukusanya pesa ndogondogo bila kuzimaliza njiani. Na angalieni ile kamisheni ya senti 30: ndiyo maana bei haiwezi kushuka hadi dola 1, kwani theluthi ya pesa ingeishia kwa Stripe. Wasomaji wa Stone walilipa dola 5 kwa mwaka mzima. Hawa wa leo wanalipa hiyo kila mwezi, na wanalipa kwa sababu wanataka jamaa aendelee kuandika. Mtu hanunui utani kwa dola 5. Vichekesho vya bure vimejaa simu yake.

Mnajua nitaenda wapi sasa. Nyumbani.

Sisi tulikuwa na Whispers. Wahome Mutahi alianza safu hiyo kwenye Sunday Standard mwanzoni mwa miaka ya themanini, akafungwa 1986 katika msako wa Mwakenya, akatoka baada ya miezi 15, na baadaye safu ikahamia Sunday Nation. Wasomaji walihama naye. Watu walinunua gazeti pinzani kwa sababu Thatcher, Whispers Junior na Pajero walikuwa wamehamia humo. Halafu Mutahi akafanya jambo ambalo mimi naliona kuwa ndilo kijarida cha kulipia cha Kenya kabla ya wakati wake: alitoa vichekesho vyake gazetini akavipeleka kwenye baa. Michezo yake ya kuigiza kwa Kikuyu, yenye kejeli za siasa, ilichezwa kwenye mabaa ya Nairobi na nje yake, watu wakilipa mlangoni, bia mkononi. Hakuna mhariri katikati, hakuna tangazo la benki. Msomaji na mcheshi wake, na pesa ikitoka mkono huu kuingia mkono ule. Mutahi alifariki Julai 2003 baada ya kupoteza fahamu kwa miezi kadhaa kufuatia upasuaji.

M-Pesa ilikuja Machi 2007, karibu miaka minne baadaye. Nimejiuliza mara nyingi angefanya nini nayo. Tatizo la kutuma shilingi 50 bila kuzimaliza njiani, ambalo Wamarekani wanalizungushia kadi hadi leo, sisi tulilimaliza mapema. Ila vyombo vya kuandikia havikuongea na M-Pesa. Substack ilipofunguliwa 2017, Stripe haikuwa ikifungua akaunti za biashara za Kenya, kwa hivyo mcheshi wa Nairobi angeweza kuandika kwenye Substack bila kulipwa humo. Mwaka huohuo Safaricom ilifungua Daraja, mlango wa wasanidi programu kuunganisha mifumo yao na M-Pesa, na kila mtu akakimbilia kutengeneza programu za mikopo. Jamani! Kulikuwa na wacheshi wanaachishwa kazi magazetini, na sisi tunatengeneza programu ya kumdai mtu elfu mbili.

Nina wasiwasi mmoja hata hivyo, na sitauficha. Whispers hakusomwa na mashabiki pekee. Gazeti moja la Jumapili kwa kinyozi lilisomwa na watu kumi na watano, na nusu yao walikuwa wanatafuta matokeo ya mpira. Walimpata Whispers kwa bahati, wakageuza ukurasa na kujikuta wanacheka, kisha wakagundua mstari mmoja chini kwamba wanamcheka mkubwa fulani. Msomaji wa bahati ndiye aliyewatia wakubwa hofu. Kijarida cha kulipia hakina msomaji wa bahati. Kinawafikia waliokwisha kukubali, na mcheshi anayewaandikia waliokwisha kukubali anaweza kulala. Post ilipolikata shindano, washinde walikuwa na mahali pa kwenda, lakini yule mtu wa Washington aliyekuwa akifungua gazeti kutafuta hali ya hewa na kukutana na upuuzi wao hakwenda popote. Yeye hata hakuambiwa.

Sijui programu ya kumrudisha huyo. Kinyozi wangu siku hizi ana televisheni.

Washinde, kwa upande wao, walikuwa na shughuli nyingine. The Invitational ilipoanza kwenye Substack, Weingarten na Myers walianza kuhesabu upya, Wiki ya 1. Kumbukumbu za wasomaji hazikuanza upya. Mtu aliyekuwa na mara 400 za kuchapishwa kwenye Post aliingia 2023 akiwa na 400, na utani wake wa kwanza huko ukaandikwa 401.